Nipe Karao Anayejua Kuhesabu

Kila mwaka bajeti ikisomwa mwezi wa sita, wimbo ni ule ule. Polisi hawana magari. Polisi hawana mafuta. Polisi ni wachache. Na sisi huku mtaani tunajibu kwa wimbo wetu: polisi wanakula. Mimi nimechoka na nyimbo zote mbili. Sisemi ni za uongo. Shida yangu ni kwamba hakuna hata moja inayoniambia nani atakuwa pale gizani kesho saa 11 alfajiri, dada wa ploti ya pili akitembea kwenda kazini.

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna wasee watauchukia: kabla ya kununua Land Cruiser moja zaidi, pesa kidogo zilizopo zifundishe watu wawili katika kila kituo. Wa kwanza ni OCS mwenyewe. Wa pili ni afisa mmoja wa cheo chochote, hata konstebo wa juzi, ambaye kazi yake itakuwa kusoma OB na kuhesabu.

OB mnaijua. Ni kile kitabu kikubwa kwa kaunta ya kituo. Ukiibiwa unaandikwa, unapewa namba, unaenda nyumbani kulia. Kitabu kikijaa kinafungwa, kinaingia kabatini, kingine kinafunguliwa. Sasa fikiria kilichomo humo: siku, saa, mahali, kitu kilichochukuliwa, wezi walikuwa wangapi, walikuja na nini. Mwaka mzima wa maumivu ya mtaa, umeandikwa kwa mkono. OB ya kidijitali tumeahidiwa zaidi ya mara moja, na siipingi. Lakini kompyuta nayo haijibu swali ambalo hakuna mtu ameiuliza.

Tuanze hapa Kitengela. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 58,167 katika mji huu. Ile ya 2019 ikahesabu 154,436. Kaunti nzima ya Kajiado ilitoka 687,312 ikafika 1,117,840 katika miaka hiyo hiyo kumi. Hakuna serikali duniani inaongeza polisi kwa kasi hiyo, na hii yetu ndiyo kabisa. Sehemu kubwa ya pesa za polisi huenda kwa mishahara, na hiyo ni haki yao. Nyongeza iliyoanza Julai 2024 baada ya ripoti ya Jaji Maraga walikuwa wameingoja sana. Lakini inamaanisha kinachobaki cha mafuta, karatasi na taa ni kiduchu. Kwa hivyo swali si tutapata wapi polisi wengine. Swali ni hawa waliopo wasimame wapi, na saa ngapi.

Mwaka jana nilifanya kitu rahisi. Grupu yetu ya WhatsApp ya mtaa inajaa meseji za "nimepigwa ngeta", "simu imeenda", "chungeni pale kwa daraja". Nilirudi nyuma miezi mitatu, nikachukua kila meseji ya aina hiyo, nikaandika kwa daftari: siku, saa, mahali. Kazi ya jioni mbili na chai ya maziwa. Sitawapa namba zangu kama takwimu kwa sababu si takwimu, ni meseji za majirani waliokuwa na hasira. Lakini mchoro ulijitokeza bila kuusumbua. Matukio hayakuwa yamesambaa mtaa mzima kama tunavyopenda kusema, eti "Kitengela imeharibika". Yalikuwa yamerundikana kwenye vijia vitatu, karibu yote kabla jua halijachomoza au muda mfupi baada ya kutua, na mwisho wa mwezi yalikuwa mengi zaidi.

Ni nani hutembea saa hizo? Watu wa EPZ. Wale dada wanaoshona nguo viwandani Athi River, wanaotoka mapema kwa miguu kuokoa nauli. Mwizi anajua ratiba yao. Anajua tarehe ya mshahara. Mwizi wetu ni mchanganuzi wa takwimu, wacha nikuambie. Amefanya homuwaki ambayo kituo hakijafanya.

Kuna kitu kingine ambacho daftari lilinionyesha. Ukitoka Kitengela ukiingia Athi River umevuka mpaka wa kaunti. Huku ni Kajiado, kule ni Machakos. OCS mwingine, kamanda mwingine, OB nyingine. Dada akinyang'anywa simu hatua chache upande huu anaandikwa kwa kitabu kimoja, mwenzake akinyang'anywa hatua chache upande ule anaandikwa kwa kingine. Genge ni lile lile, kijia ni kile kile. Kwa kila kitabu inaonekana kama tukio la bahati mbaya tu. Ukiviweka vitabu viwili mezani pamoja, unaona mtu na kazi yake. Hiyo meza haigharimu mafuta. Inagharimu OCS wawili kunywa chai pamoja mara moja kwa mwezi, kila mmoja na karatasi yake.

Sasa twende nyumbani, Rombo. Kwa wale mnaodhani Kajiado inaishia Isinya, Rombo iko chini kabisa, kusini, Kilimanjaro imekusimamia usoni na Tanzania iko hapo tu ng'ambo. Kutoka Kitengela ni safari ya karibu kilomita 200 kupitia Emali na Loitokitok. Kaunti hii ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 21,900, haijaachwa mbali sana na nchi nzima ya Rwanda. Polisi wa Rombo ana mashamba ya nyanya na vitunguu, ana mbuga upande mmoja, ana mpaka upande mwingine, na ana njia za mifugo ambazo hazijawahi kuchorwa kwenye ramani yoyote ya serikali. Ukimwambia apige doria kila mahali, umemwambia asipige doria popote.

Mjomba wangu huko ni mzee wa Nyumba Kumi. Hana mshahara, hana redio, ana kauntabuku. Tangu mpango wa Nyumba Kumi uanze baada ya Westgate mwaka 2013 amekuwa akiandika kila mbuzi na kila ng'ombe anayeibwa kwa majirani: siku gani, boma la nani, nyayo zilielekea wapi. Nilipokuwa namwonyesha daftari langu la Kitengela alicheka, akaniambia, "Hiyo mimi nafanya tangu wewe ukiwa shule ya msingi." Halafu akanifungulia lake. Wizi mwingi kwa kitabu chake ulikuwa usiku wa kuamkia siku ya soko. Bila shaka! Mbuzi aliyeibwa lazima auzwe haraka kabla mwenyewe hajafika, na pahali pa kuuza ni sokoni, au ng'ambo. Nikamuuliza kama amewahi kuwaonyesha polisi. Akasema amewahi kupeleka kitabu kituoni. Afisa mmoja akamshukuru sana, akakifunga, akamrudishia. Si kwamba yule afisa alikuwa mbaya, asema mjomba. Hakujua akifanyie nini.

Hapo ndipo hoja yangu iko. Hakujua akifanyie nini. Hilo ni pengo la mafunzo, na pengo la mafunzo linazibika kwa bei ambayo hata Hazina haiwezi kulalamika.

Si ndoto. Mwaka 1989 watafiti wa Minneapolis, Marekani, walichapisha hesabu ya simu zote zilizopigwa polisi katika mji ule, wakakuta anwani kama asilimia 3 tu ndizo zilizozalisha nusu ya simu zote. Uchambuzi uliofuata wa mji huo huo, mwaka 1995, ukaonyesha kwamba afisa akikaa sehemu hatari dakika 10 hadi 15 kisha aondoke, utulivu unabaki kwa muda hata baada ya yeye kwenda. Hahitaji kukesha pale. Philadelphia, kiangazi cha 2009, walichukua maafisa zaidi ya 200 waliotoka tu chuoni, wakawatembeza kwa miguu kwenye sehemu 60 zilizochaguliwa kwa hesabu. Ndani ya wiki 12 uhalifu wa kutumia nguvu sehemu hizo ulipungua kwa asilimia 23 ukilinganisha na sehemu ambazo hazikupewa doria hiyo. Kwa miguu, jameni. Lita sifuri za dizeli. Mlikuwa mnasema shida ni mafuta?

Na kama unadhani ni lazima uwe na mitambo ya mabilioni, mfumo maarufu wa polisi wa New York, ule wa CompStat ulioanza 1994, ulizaliwa kutoka kwa polisi wa treni za chini aliyeitwa Jack Maple. Alikuwa amebandika ramani za vituo ukutani, akachora kwa krayoni kila mahali watu walipoibiwa. Krayoni, zile za mtoto wa PP1.

Kenya yenyewe si mgeni hapa. Ushahidi ilizaliwa hapa Januari 2008, vijana wakichora kwenye ramani mahali ghasia zilipotokea kwa kutumia meseji za watu wa kawaida, na baadaye dunia nzima ikaiazima. Mwaka 2009 vijana wa Kibera waliichora Kibera yao kwenye ramani ya bure ya intaneti wakati ramani nyingine zilikuwa zinaionyesha kama pori. Kiganjo, ambako polisi hufunzwa, iko Nyeri. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, chenye taasisi inayofundisha mambo ya ramani, kiko Nyeri pia. Chuo cha uongozi wa polisi kiko Ngong, kaunti yetu hii hii. Vifaa tunavyo, walimu tunao, wanafunzi tunao. Kilichobaki ni mtu kuwaalika mezani.

Mafunzo yenyewe si digrii. Yule konstebo afunzwe kutoa OB kitabuni na kuiweka kwa jedwali la safu tano. Afunzwe kutofautisha bahati mbaya mbili na mtindo. Afunzwe kuandika ukurasa mmoja, mmoja tu, na kuuweka kwa meza ya bosi Jumatatu asubuhi: wiki iliyopita hivi ndivyo ilivyokuwa, wiki hii nadhani itakuwa hapa, saa hizi. Wiki chache zinatosha kuanza.

Mafunzo ya OCS ndiyo magumu zaidi. Yeye atafunzwa kuambiwa. Fikiria konstebo wa miaka 24 akimwambia mkubwa, "Afande, doria yetu ya Ijumaa inapita mahali ambapo hakuna kitu kimetokea tangu Februari." Katika nchi ambayo jibu la kila kitu ni "ndiyo afande", hiyo ni mapinduzi. Pia afunzwe swali la pili, baada ya wapi: kwa nini hapa? Kwa sababu mara nyingi jibu si la polisi. Kwenye vijia vyangu vitatu, viwili havina taa. Mulika mwizi moja inayofanya kazi inaweza kumpunguzia OCS kazi kuliko maafisa wanne, lakini taa ni ya kaunti, kwa hivyo OCS lazima ajue kuandika barua kwa kaunti akiwa na ushahidi mkononi. Katika ile njia ya EPZ, huenda jibu ni wenye viwanda kukubali kubadilisha saa ya zamu. Nani aliwahi kuwauliza?

Na bosi akihamishwa, maana hawa watu huhamishwa kama walimu, ule ukurasa unabaki. Kwa sasa kila OCS akienda anaondoka na akili yote ya mtaa kichwani, na anayekuja anaanza kutuuliza Noonkopir iko upande gani.

Lakini sijamaliza, kwa sababu hesabu ina upande wake mchafu.

Angalia takwimu za taifa. Makosa yaliyoripotiwa kwa polisi yalikuwa 81,272 mwaka 2021, 88,083 mwaka 2022, kisha 104,842 mwaka 2023. Ni vibaya? Huenda. Pia huenda ni watu wengi zaidi wamejitokeza kuripoti, au maafisa wengi zaidi wamekubali kuandika. Ukiangalia namba peke yake huwezi kujua. Sasa chukua mkubwa mmoja asiyeelewa hilo, mpe OCS barua inayosema "punguza uhalifu kwa asilimia 10 ama uhamishwe." Utapata ile asilimia 10. Itapunguzwa kwa kalamu.

New York iliwatokea. Wakuu wastaafu zaidi ya 100 wa polisi wa jiji lile walikiri kwa watafiti, habari ikatoka 2010, kwamba presha ya kuonyesha uhalifu unashuka ilifanya baadhi ya makamanda kuchezea namba. Huku kwetu hata hatuhitaji mtafiti. Rafiki yangu alinyang'anywa simu kwa kisu. Akaenda kituo fulani, sitakitaja, na aliyekuwa kaunta akamshauri kwa upole kabisa aseme simu "imepotea", ndiyo abstrakti itoke haraka. Akakubali, alikuwa anataka laini yake tu irudi apate M-Pesa. Kwa hivyo katika kitabu cha Jamhuri ya Kenya, siku hiyo, mahali hapo, hakuna kisu. Kuna kijana mzembe aliyeangusha simu. Mchanganuzi bora duniani akifungua ukurasa huo atakuambia kijia hicho ni salama.

Ndiyo maana nasema wafunzwe wawili kwa pamoja, bosi na mchanganuzi. Ukifunza mchanganuzi peke yake, bosi atamtumia kupamba ripoti. OCS apimwe kwa maswali: ulijua shida yako ilikuwa wapi, ulifanya nini, ulijuaje kama imesaidia? Aliyeandika visa vingi zaidi kwa sababu wananchi wameanza kumwamini asiadhibiwe kwa hilo.

Kuna upande mwingine, na huu ndio utafanya wengi wenu mninyanyulie nyusi. Ukimwambia kijana wa Kitengela "polisi watajifunza kuchambua data", hafikirii taa za barabarani. Anafikiria Agosti 2024. Tarehe 19 mwezi huo Bob Njagi na ndugu wawili, Jamil na Aslam Longton, walichukuliwa hapa hapa mjini. Walipotea mwezi mzima, wakaonekana tarehe 20 Septemba. Katikati ya hayo, mahakama ilimhukumu kaimu Inspekta Jenerali Gilbert Masengeli kifungo cha miezi sita kwa kukaidi kufika kortini kueleza, kabla ya yeye kwenda na hukumu kuondolewa. Baada ya mambo kama hayo, mtu akikuambia polisi wajue zaidi kuhusu mtaa wako, unauliza: wajue nini? Nani amesema nini mtandaoni?

Swali ni la haki, na ndilo lilinifanya nikae na andiko hili muda mrefu. Jibu langu ni kwamba kuna kuchambua mahali na kuna kuchambua watu. Daftari la mjomba halina jina la mshukiwa hata mmoja. Langu pia. Lina kijia, saa na siku. OB ikihesabiwa hivyo inatosha kumweka afisa wawili wawili pale EPZ saa 11 alfajiri, na haitoshi kumfuata mtu yeyote nyumbani. Mafunzo ninayoyataka yaanzie na kuishia hapo, na huo ukurasa wa Jumatatu ubandikwe nje ya kituo ukutani tuusome sote. Kitu kilichobandikwa ukutani ni vigumu kukigeuza kuwa orodha ya siri. Na kama kijia chako hakipo kwenye ukurasa na wewe uliripoti, utaingia ndani uulize kwa nini.

Mwaka 2025 Waziri Murkomen alizunguka kaunti na Jukwaa la Usalama. Hoja nyingi nilizosikia watu wakitoa zilikuwa tuletewe gari, tuletewe kituo, tuletewe maafisa. Siwalaumu. Ukiwa Rombo na mbuzi wako wako njiani kuvuka mpaka, gari ndiyo kitu unaona. Lakini sikusikia mtu akisimama kuuliza gari lililopo lilikwenda wapi wiki jana na kwa nini huko.

Kwa hivyo nimeuliza mimi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inasema ofisi ijibu ndani ya siku 21. Nimepeleka barua ya ukurasa mmoja. Sikuomba jina la mtu wala siri ya doria. Nimeomba idadi tu, kwa mwaka mmoja: visa vya unyang'anyi vilivyoandikwa, kwa mwezi, kwa saa, na kwa mtaa. Nakala nimempelekea mjomba naye apeleke yake kule Rombo, ameandika kwa mkono, mwandiko mzuri kuliko wangu. Yangu imepigwa mhuri wa kupokelewa. Leo ni siku ya 9.